Msimkalishe Mama

"Mama, wewe kaa." Maneno haya husemwa kila siku katika nyumba zetu, na husemwa kwa mapenzi. Mama ametimiza miaka hamsini na kitu, watoto wamepata kazi, wajukuu wameanza kuzaliwa. Akishika ufagio, mkwe anaukimbilia. Akitaka kwenda sokoni, anatumwa kijana wa bodaboda. Akiinuka kufuata maji ya kunywa, sauti tatu zinamrudisha kwenye kochi. Mtoto anayemwacha mama yake abebe kikapu husemwa na majirani, na kweli mwanamke aliyelima, aliyelea, aliyekaanga maandazi alfajiri kwa miaka thelathini anastahili kupumzishwa.

Tatizo ni kwamba umri tunaomkalisha ndio umri ambao moyo wake unamhitaji asimame. Hedhi inapokoma, mwili unapoteza kinga kubwa uliyokuwa nayo dhidi ya maradhi ya moyo na mishipa tangu usichana. Kinga ya pili, isiyotegemea hedhi, ni mwendo wa miguu yake. Hiyo ya pili tunamwondolea sisi wenyewe, tena tukiamini tunamtunza.

Hedhi haikomi kwa siku moja. Kwa wengi huanza kuyumba wakiwa na miaka arobaini na kitu: mwezi huu inakuja mara mbili, miezi miwili inayofuata haionekani kabisa. Wataalamu huhesabu kwamba imekoma inapopita miezi 12 mfululizo bila kuonekana, na hilo huwapata wengi kati ya miaka 45 na 55. Wanawake wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe kuhusu kipindi hiki, hutaja yale wanayoyahisi: joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni katikati ya kikao cha vikoba, shuka kulowa jasho, usingizi kukatika saa nane za usiku na kutorudi tena. Hayo yanasumbua, lakini hayaui. Yanayoua huanza kimya.

Homoni ya estrojeni, iliyokuwa ikitengenezwa na ovari, ilifanya kazi nyingi nje ya uzazi. Ilizisaidia kuta za mishipa ya damu kutoa nitriki oksidi, gesi inayoulegeza mshipa ili upanuke pale damu inapotakiwa kupita kwa wingi. Ilisaidia ini kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Ilifanya mafuta ya mwili yakae nyongani na mapajani zaidi kuliko tumboni. Inaposhuka, mishipa huanza kukakamaa, lehemu hupanda, na mafuta huhamia tumboni, kuzunguka ini na utumbo, mahali ambapo yana madhara makubwa kuliko yakiwa chini ya ngozi ya mapaja. Mwanamke akikuambia kwamba hali zaidi ya alivyokuwa akila zamani ila gauni limekataa kufunga kiunoni, mwamini.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani, unaofahamika kwa kifupi kama SWAN, ulioanza katikati ya miaka ya 1990. Uliwafuata wanawake wa asili mbalimbali, wakiwamo Wamarekani Weusi, mwaka hadi mwaka, huku wakipita kipindi hicho. Mwaka 2009 watafiti wake walitoa matokeo ya wanawake 1,054 ambao tarehe ya hedhi yao ya mwisho ilijulikana. Presha ilipanda taratibu kadiri umri ulivyosogea, kama ambavyo ingetarajiwa. Lehemu ilikuwa na mwendo wake. Iliruka ndani ya muda mfupi, mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho. Kwa hiyo mwanamke anaweza kupima akiwa na miaka 48 akaambiwa yuko salama, akapima tena akiwa na miaka 52 akakuta majibu mengine kabisa, na hakuna alichobadilisha katika maisha yake. Mwaka 2020 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa waraka maalumu kikiwataka madaktari wakichukulie kipindi hiki kuwa wakati wa kuingilia mapema, kabla maradhi hayajajenga makao.

Tuwe wakweli kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa yalichangia takriban theluthi moja ya vifo vyote vya wanawake duniani. Saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi tumeanza kuziogopa, na ni vyema. Zina kampeni, zina siku zao, zina utepe. Moyo umeachwa uonekane ugonjwa wa wanaume wenye vitambi na magari. Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa kwenye dawa. Katika uzito uliopitiliza, wanawake waliwazidi wanaume kwa mbali. Hao wa mwaka 2012 waliokuwa na miaka arobaini leo wako kwenye hamsini na kitu. Ndio akina mama tunaowaambia wakae.

Sayansi yenyewe ilichelewa kuwatazama. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha ulinganisho maarufu wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye kiti zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Makondakta waliugua maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na dunia ikaanza kuamini kwamba kukaa kunaua. Wote waliohesabiwa walikuwa wanaume. Karibu zaidi na kwetu, daktari Mmarekani George Mann alivutiwa na Wamasai wa Tanzania, watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama lakini maradhi ya moyo yakiwa nadra kwao. Mwaka 1972 alitoa matokeo ya uchunguzi wa maiti 50. Mafuta yalikuwamo kwenye kuta za mishipa ya moyo, kiasi kilekile cha wazee wa Marekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyokwenda, hata damu ikapita bila shida, na Mann aliuhusisha upana huo na utimamu wa miili yao. Ni matokeo ya kustaajabisha hadi leo. Maiti zote 50 zilikuwa za wanaume. Mwanamke wa Kimasai aliyetembea nyika ileile, tena na mzigo wa kuni mgongoni, hayumo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1991. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilikuwa zimepata mkurugenzi mpya, Bernadine Healy, daktari wa moyo na mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Chini yake ulianzishwa mradi wa Women's Health Initiative, uliokuja kuandikisha wanawake 161,808 wa miaka 50 hadi 79, wote waliokwisha kukoma hedhi, katika vituo 40. Swali mojawapo lilikuwa jepesi kuuliza: kama estrojeni ikiondoka moyo unaingia hatarini, kwa nini tusiirudishe kwa vidonge? Madaktari wengi wa wakati huo waliamini jibu wanalo. Mamilioni ya wanawake walikuwa tayari wanameza vidonge hivyo.

Wanawake 16,608 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapewe homoni halisi, wengine kidonge kisicho na kitu. Jaribio lilipangwa kwenda zaidi ya miaka minane. Julai 2002, baada ya wastani wa miaka mitano na kidogo, lilisimamishwa. Saratani ya matiti iliongezeka kwa waliomeza homoni, kiharusi kiliongezeka, damu kuganda kwenye mishipa kuliongezeka, na maradhi ya moyo, yale yaliyotarajiwa kupungua, nayo yaliongezeka. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa wanaoanza homoni wakiwa chini ya miaka 60, au kabla ya kupita miaka kumi tangu hedhi kukoma, hatari ni ndogo zaidi, na madaktari bado huwaandikia wanawake wanaoteswa sana na joto na jasho la usiku. Hilo ni la kuzungumza na daktari wako. Lakini homoni kama kinga ya moyo haitolewi tena.

Sasa angalia kilichotokea miezi miwili baadaye. Septemba 2002, watafiti wa mradi uleule, wakiongozwa na JoAnn Manson wa Boston, walichapisha matokeo ya wanawake 73,743 ambao walikuwa wameulizwa wanatembea kiasi gani, kwa kasi gani, wanafanya mazoezi mengine gani na wanakaa saa ngapi kwa siku. Waliotembea kwa kasi, au waliofanya mazoezi makali, kwa angalau saa mbili na nusu kwa wiki, walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo na mishipa iliyo pungufu kwa takriban asilimia 30. Kutembea kulifua dafu mbele ya mazoezi makali. Ilikuwa hivyo kwa Weupe na Weusi, kwa wembamba na wanene, kwa waliokuwa na miaka hamsini na waliokuwa na miaka sabini. Na kukaa muda mrefu kuliongeza hatari.

Nimelisoma tokeo hilo mara nyingi na bado linanigusa. Kidonge kilichotumainiwa kilishindwa, na kwenye mradi huohuo, mwaka huohuo, jibu likawa kwenye nyayo za wanawake. Habari ya kidonge ilienea dunia nzima kwa wiki moja. Habari ya kutembea ilipita kimya, na nadhani ni kwa sababu hakuna anayeiuza.

Mtu makini atauliza: je, si kwamba wenye afya njema ndio wanaoweza kutembea? Swali ni la haki, na watafiti walijitahidi kuondoa athari za sigara, uzito, umri na mengineyo, ingawa uchunguzi wa aina hii hauwezi kufunga mjadala peke yake. Ndiyo maana majaribio madogo yana thamani. Mwaka 2001 Kerrie Moreau na wenzake walichukua kikundi kidogo cha wanawake waliokoma hedhi wenye presha ya kupanda kiasi, wakawaongezea mwendo wa kilomita tatu kwa siku, bila gimu, bila vifaa. Baada ya wiki 24 namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa pointi 11. Kwa mtu aliyeanza na 145, hiyo ni 134, na kuna vidonge ambavyo vikifanya hivyo daktari anaridhika.

Jaribio lingine, la Dallas, lilichapishwa mwaka 2007. Timothy Church na wenzake waliwachukua wanawake 464 waliokoma hedhi, wote wanene au wenye uzito uliopitiliza, wote wa kukaa tu, wote na presha iliyopanda. Wakawagawa makundi: wasiofanya chochote, waliofanya nusu ya mazoezi yanayoshauriwa, waliofanya kiwango kamili, na waliozidisha nusu juu yake. Hao wa nusu walifanya dakika 72 tu kwa wiki. Baada ya miezi sita, uwezo wa moyo na mapafu uliongezeka katika makundi yote matatu ya mazoezi, hata hilo la dakika 72, na kadiri dozi ilivyokuwa kubwa ndivyo faida ilivyoongezeka. Presha, katika jaribio hili, haikushuka kwa kiwango cha maana. Uzito nao haukuwatenganisha sana na wasiofanya kitu. Kiuno kilipungua.

Hapo kwenye uzito pana jambo linalowaumiza wanawake wengi. Mama anaanza kutembea Januari, anapanda mizani Machi, anakuta kilo zilezile, anavunjika moyo na kuacha. Mizani haioni misuli ya moyo iliyoimarika, wala mafuta yaliyotoka kuzunguka ini. Kama unataka kipimo cha nyumbani, chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula. Au angalia ngazi: zile ulizokuwa ukizipanda kwa kusimama katikati kuvuta pumzi, unazimaliza sasa bila kusimama?

Watu huuliza kuhusu hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa. I-Min Lee wa Harvard aliamua kuipima. Aliwavalisha wanawake 16,741, wenye wastani wa miaka 72, kifaa cha kurekodi mwendo, kisha akawafuatilia. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Tofauti kati ya 2,700 na 4,400 ni hatua 1,700, ambazo kwa mama wa umri huo ni kama dakika ishirini. Ni kwenda dukani mwenyewe na kurudi.

Na kazi za nyumbani je? Wapo wanaodharau: kufua si mazoezi, kufagia si mazoezi. Wapo pia wanaojiliwaza kwamba kwa kuwa wanashinda wamesimama jikoni, moyo wao uko salama. Tawi jingine la mradi ule wa mwaka 1991 lilitoa jibu mwaka 2019. Wanawake 5,861 wa miaka 63 hadi 97 walivaa kifaa cha kupima mwendo kwa wiki, na kilichotazamwa zaidi ni shughuli nyepesi, zile za kuosha vyombo, kukunja nguo, kuhangaika bustanini. Waliokuwa na nyingi zaidi walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo chini kwa asilimia 42 kuliko waliokuwa na chache zaidi. Kwa hiyo ufagio unaonyang'anywa mkononi mwa mama una thamani. Mwachie uani pake. Mwachie amwagilie mchicha. Mjukuu na amfuate sokoni ambebee kikapu kizito, lakini aende.

Hata hivyo, kazi za nyumbani peke yake zina upungufu. Nyingi hufanywa kwa kuinama au kusimama mahali pamoja, na mapigo ya moyo hayapandi vya kutosha. Moyo ni msuli, unataka kusukumwa kidogo zaidi ya ulivyozoea. Kipimo kisichohitaji saa ni sauti yako: ukitembea kwa kasi inayofaa unaweza kuzungumza na mwenzako, ila huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Usipoweza kumaliza sentensi, punguza. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo. Kwa aliyekaa miaka mingi, namba hiyo ni ya kuiendea taratibu. Dakika kumi kwenda na kumi kurudi, siku tatu kwa wiki, ni mwanzo wa heshima kabisa, na Dallas walituonyesha kwamba hata dakika 72 zinaleta tofauti.

Miongozo hiyohiyo inataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na hapa ndipo tunapolala zaidi. Misuli ya mapaja na makalio hupungua kwa kasi baada ya hedhi kukoma, nayo ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari iliyomo kwenye damu. Ikinyauka, sukari hubaki kwenye damu, na kisukari ni ndugu wa karibu wa maradhi ya moyo. Mtazame mama anavyoinuka kwenye kiti kifupi: mkono wa kushoto gotini, wa kulia ukitafuta ukuta, pumzi moja nzito, kisha ananyanyuka kwa awamu mbili. Zoezi lake liko palepale. Achukue kiti cha kulia chakula, kigumu, kilichoegemezwa ukutani kisiteleze. Akae mbele ya kiti, nyayo zimekanyaga sawasawa, mikono ameikunja kifuani, ainuke wima polepole, kisha akae polepole bila kujibwaga. Mara tano, apumzike, mara tano tena. Wiki ya kwanza mapaja yatauma, hiyo ni kawaida. Akizoea, ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono. Akiwa na miaka 65 na zaidi aongeze mazoezi ya kujisawazisha, kama kusimama kwa mguu mmoja akiwa karibu na meza, maana kuanguka na kuvunjika nyonga ndiko kunakowalaza wengi wasiinuke tena.

Kuna jambo moja la kisayansi ambalo linanifanya niandike kwa haraka. Katika tafiti za karibuni, Moreau na wengine wameona kwamba kwa baadhi ya wanawake waliokosa estrojeni kwa miaka mingi, kuta za mishipa haziitikii mazoezi vizuri kama za wanaume wa umri uleule. Presha inaweza kushuka, nguvu zinarudi, sukari inatulia, lakini ule uwezo wa mshipa kulegea haurudi kirahisi. Anayeanza karibu na wakati wa hedhi kukoma ana nafasi nzuri zaidi. Aliyechelewa bado anafaidika, kama walivyofaidika wale wa miaka sabini na themanini, ila kila mwaka wa kochi una gharama.

Linabaki swali la wapi na lini, na hapa siwezi kuwalaumu akina mama. Barabara zetu nyingi za mitaa hazina njia ya waendao kwa miguu. Alfajiri kuna giza na mbwa. Saa nne jua limeshakuwa kali, na mwanamke anayepandwa na joto kila baada ya saa mbili hana hamu ya kuongezewa jingine. Kisha kuna macho ya watu. Mama wa miaka 58 akivaa raba na kutoka, atasikia "Bibi, unakimbilia wapi?" kabla hajafika kona ya kwanza. Wengine huulizwa na waume zao wanatafuta nini huko nje. Haya hayamalizwi kwa ushauri wa daktari. Yanamalizwa na wingi: wakitoka kumi na wawili, wamevaa madera yao na fulana zinazofanana, anayecheka anachoka mwenyewe.

Mifano ya wingi huo ipo. Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, mtangazaji wa redio Beka Ntsanwisi, ambaye mwenyewe aliugua saratani, aliwakusanya akina bibi wacheze soka. Timu yao, Vakhegula Vakhegula, ilikuwa na wanawake hadi wa miaka themanini na kitu, wengine wakiingia uwanjani na vilemba vyao kichwani. Mwaka 2010 walisafiri hadi Massachusetts, Marekani, kushiriki mashindano ya maveterani. Kigali, tangu mwaka 2016, hufunga baadhi ya barabara zake Jumapili maalumu ili watu wakimbie na kutembea bila magari, na wahudumu wa afya huwapo kuwapima watu presha na sukari palepale. Kwetu, Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Zanzibar vikundi vya mazoezi hujaza barabara kila tarehe 1 Januari. Dar es Salaam, ukifika Coco Beach Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi utakuta klabu za jogging zikiimba kwa kuitikiana. Ninachokitaka ni kuona nywele nyeupe zaidi katika misafara hiyo, na mwendo wa misafara upangwe ili mama wa miaka sitini asiachwe peke yake nyuma. Kikundi cha vikoba kinachokutana kila wiki kinaweza kuanza na nusu saa ya kutembea kabla ya kuhesabu hisa. Ngoma nazo zihesabiwe: nusu saa ya kucheza kwenye kitchen party, kwa mwanamke anayecheza kweli, ni nusu saa ya moyo kufanya kazi.

Kabla ya kutoka, kuna ya kuangalia. Pima presha kwenye zahanati au duka la dawa lenye mashine nzuri, ukiwa umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelala mezani. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, muone daktari ikashushwe kwanza. Kama uliwahi kupata kifafa cha mimba, au presha ilipanda ukiwa mjamzito, mwambie daktari hata kama ni miaka thelathini iliyopita; wanawake hao wana hatari karibu mara mbili ya maradhi ya moyo baadaye, na ni wachache wanaoulizwa. Kadhalika aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari kwa upasuaji. Katika nchi zetu wapo pia wanawake wenye vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni bila wao kujua. Ukichoka kupita kiasi kwa mwendo mdogo, miguu ikavimba, au ukishindwa kulala chali bila kukosa pumzi, usianze mazoezi yoyote hadi moyo upimwe. Na anayemeza dawa za presha asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Daktari akiona namba zimeshuka atapunguza mwenyewe.

Maumivu au kubanwa kifuani wakati wa mwendo, yanayotulia ukisimama, si vidonda vya tumbo hadi ithibitishwe. Kwa wanawake mshtuko wa moyo huweza pia kuja na maumivu ya taya, ya mgongo au ya bega, kichefuchefu, jasho la baridi, au uchovu mzito usio na sababu. Wengi hupewa chai ya tangawizi wakaambiwa walale. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Neno langu la mwisho ni kwa binti mwenye miaka 45 anayesoma haya akimfikiria mama yake. Lehemu yako inaweza kuwa karibu kuruka, au imeshaanza. Mama anahitaji mtu wa kutembea naye kwa sababu ya mbwa, giza na maneno ya watu, nawe unahitaji dakika zilezile kuliko unavyodhani. Pangeni siku tatu, alasiri jua likishapungua kama asubuhi ni ngumu. Mnunulie raba zenye soli nene zinazomkaa vizuri. Kandambili zinaweza kumwangusha. Wiki mbili za kwanza mwende kwa kasi yake yeye.